Umelalamika kubaguliwa kazini, na wanaokusikiliza wameegemea upande mmoja: ufanye nini

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu. Wa kwanza ulitaja tarehe, wa pili waliohudhuria, wa nne ulisema kikao kilifungwa saa 5:40 asubuhi. Wa tatu ndio ulionichoma: “Mlalamikaji ameelezwa kuwa maneno hayo yalikuwa ya utani, na amekubali yaishe.”

Dada wa stoo hakukubali kitu. Alinyamaza, akatazama meza, akasubiri kikao kiishe aende akalie nyuma ya ghala. Kunyamaza kwake kukaandikwa kukubali.

Wakati huo nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye shirika moja hapa Kigoma, lenye ghala la mahindi, mablanketi na sabuni za kwenda kambi za wakimbizi. Naibu mkuu wa lojistiki, mgeni wa mkoa huu, alikuwa akimsalimia yule dada kila asubuhi mbele ya makuli: “Mrundi, leo umevukia Manyovu au Mabamba?” Huko ni mpakani na Burundi. Dada mwenyewe ni Muha wa Kasulu, kwao ni hapohapo tangu enzi za babu yake. Ilipobandikwa orodha ya watu watano wa kwenda mafunzo ya usimamizi wa ghala, jina lake lilikuwa limekatwa kwa kalamu na pembeni pameandikwa “uraia uthibitishwe kwanza”. Wale wanne wengine hakuna aliyeulizwa uraia. Akalalamika. Lalamiko akapewa afisa utumishi aliyepanga nyumba moja na huyo naibu kule Bangwe. Kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere.

Kuhusu ubaguzi wenyewe watu wameshaandika. Hapa nazungumzia mstari ule wa tatu: ufanye nini pale ambapo ubaguzi umehamia kwenye kikao kilichopaswa kuuondoa.

Kwanza, tenganisha malalamiko mawili

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchanganya. Anaandika barua ya kurasa sita: tusi la Januari, posho ya Februari, afisa utumishi aliyemkatiza, mlinzi aliyemnyima ufunguo. Msomaji wa barua hiyo anachagua lile lililo dhaifu kuliko yote na kulijibu hilo peke yake.

Una malalamiko mawili. La kwanza ni kitendo: jina langu lilikatwa kwa sababu ya asili yangu. La pili ni ushughulikiaji: aliyepewa kuchunguza ana maslahi, mashahidi wangu hawakuitwa, muhtasari umeandika nisichosema. Kila moja lipewe barua yake na tarehe yake. Faida yake ni kwamba hata kama lile la kwanza lina ubishi, la pili mara nyingi halina, kwa kuwa ushahidi wake ni makaratasi ya ofisi yenyewe.

Sheria inakupa nini

Kwa ufupi. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza ubaguzi, na ibara hiyohiyo, kwenye (6)(a), inataka mtu apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu haki yake inapoamuliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa kuzunguka, kwa misingi inayotajwa mmojammoja: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alipotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, na mingineyo. Bughudha kwa misingi hiyo nayo inahesabiwa kuwa ubaguzi. Hata mwombaji wa kazi analindwa na kifungu hiki, kwa hiyo usidanganywe kwamba “bado uko kwenye majaribio, huna haki ya kulalamika”.

Kuna mambo mawili ndani ya kifungu hicho ambayo watu wengi hawayajui. Kwanza, mwajiri anatakiwa kusajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Uliza mpango wa kwenu uko wapi. Sura za viongozi utakapouliza zitakueleza mengi. Pili, ukishaonyesha kwa kuanzia kwamba dalili za ubaguzi zipo, mzigo unamwangukia mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba haukutokea, au kwamba alichofanya hakikutokana na msingi uliokatazwa. Ndani ya ofisi utaambiwa kinyume: “lete ushahidi usio na shaka”. Hicho ni kipimo cha kesi ya mauaji, hakihusiani na orodha ya mafunzo.

Daftari

Nunua kaunta buku. Andika siku hiyohiyo, kwa wino, bila kuruka kurasa. Kila tukio liwe na tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo, na ulifanya nini baada ya hapo. Usiandike “alinidhalilisha”. Andika “alisema: ‘Mrundi, leo umevukia wapi?’ Makuli wawili wakacheka, mmoja akageuka pembeni.” Huyo aliyegeuka pembeni ndiye shahidi wako.

Tenga kurasa za nyuma kwa ajili ya ushughulikiaji peke yake. Nani alikupigia simu kukwambia “tuyamalize kikubwa”? Saa ngapi? Kikao kiliitwa kwa barua, kwa ujumbe wa simu, au ulivutwa kutoka kwenye foleni ya chakula? Dada wa stoo alipewa taarifa ya kikao dakika ishirini kabla, akiwa anahesabu magunia. Mlalamikiwa yeye alikuja na faili lenye vibandiko vya rangi. Jambo hilo moja, likiwa limeandikwa siku hiyohiyo, lilikuja kuwa na uzito kuliko hotuba yoyote.

Daftari lilale nyumbani. Picha za jumbe za simu zihamishe kwenye barua pepe yako binafsi kabla ya kurudisha simu ya ofisi. Nyaraka za siri za mwajiri usizibebe hovyo, maana utageuziwa kesi kuwa wewe ni mwizi wa taarifa. Zilizokuhusu wewe ziombe kwa barua.

Na kurekodi kikao kwa siri? Mimi sishauri. Nimeona mara mbili ubishi wote ukihamia kwenye simu iliyorekodi, ubaguzi ukasahaulika. Fanya hivi badala yake: ukitoka kikaoni, kabla ya jua kuzama, waandikie barua pepe wote waliohudhuria: “Kwa kumbukumbu, leo tumekubaliana moja, mbili, tatu. Mimi nilieleza hili na lile. Kama nimekosea naomba nisahihishwe.” Wasipojibu, una kitu. Wakijibu kwa hasira, una kitu zaidi.

Utajuaje kwamba wameegemea

Si kila uamuzi usiokupendeza ni wa upendeleo. Nimeshawahi kumtetea mtu miezi mitatu, mwisho nikagundua kamati ilikuwa sahihi na mimi nilikuwa natetea urafiki. Kwa hiyo jiulize kwanza: angekuwa ni yule anayelalamikiwa ndiye aliyelalamika, wangefanya hivihivi?

Dalili ninazozitazama ni hizi. Mchunguzi yuko chini ya mlalamikiwa, au ni rafiki yake, au yeye mwenyewe alisaini kitendo kinacholalamikiwa. Maswali yanahusu tabia yako (“mbona na mfanyakazi aliyepita mligombana?”) kuliko tukio. Mashahidi wako wanahojiwa mlalamikiwa akiwa ameketi kwenye kona ya chumba. Wa kwake wanahojiwa faragha. Wewe ndiye unayehamishwa “kwa usalama wako”, kwenda Kakonko, huku mwenzako akibaki na ofisi yenye feni. Faili linalala mpaka mkataba wako wa mwaka mmoja uishe, halafu unaambiwa suala limekufa kwa kuwa wewe si mfanyakazi tena. Na ile ninayoichukia kuliko zote: hakuna kinachoandikwa, kila kitu ni “njoo tuongee”.

Lakini kwetu kuna moja yenye nguvu kuliko zote hizi, na nitaikalia kidogo. Nayo ni utani.

Utani ni wetu na ni mzuri. Umezika watu, umeozesha watu, umepatanisha makabila yaliyokuwa na kisirani. Ndiyo maana unafaa sana kuwa kichaka. Mtu akisema “nilikuwa namtania tu”, kamati nzima inatabasamu, na anayelalamika anageuka kuwa mtu asiyejua mila, aliyesomea mjini, mwenye hasira za karibu. Nimewahi kuona muhtasari mwingine, wa ofisi tofauti, umeandika hasa hivyo: “mlalamikaji alionekana mwenye hasira”. Hakuna aliyeandika mlalamikiwa alionekanaje.

Kwa hiyo usibishane nao kama utani upo au haupo. Uliza maswali matatu kwa utulivu. Mtani hujibiwa: je, mimi ningeweza kumjibu kwa neno la uzito uleule mbele ya makuli na kesho nikaja kazini bila wasiwasi? Utani huishia mdomoni: je, haya yaliishia mdomoni au yalifika kwenye orodha ya mafunzo? Na kwa mkoa huu, swali la tatu: neno lenyewe ni mzaha, au ni tuhuma? Kumwita mtu wa Kigoma “Mrundi” au “Mkongo” si sawa na kumtania Mngoni kwa kitoweo. Hapa mtu anaweza kusimamishwa barabarani aonyeshe vitambulisho kwa sababu ya lafudhi yake. Mgeni aliyetoka mbali anaweza asilijue hilo. Kamati inayokaa Kigoma haina kisingizio cha kutolijua.

Omba nyaraka kabla ya kupinga

Andika barua fupi, ya aya mbili, kuomba: sera ya malalamiko au kanuni za utumishi za shirika, barua ya uteuzi wa mchunguzi na hadidu za rejea zake, muhtasari wa kikao, na nakala ya maelezo yako kama yalivyoandikwa. Usitie neno la lawama. Barua ya kuomba nyaraka isiyo na lawama ni ngumu kuikataa.

Zikija, chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika sera inavyosema, kulia andika kilichofanyika. Mfano, kushoto: “Lalamiko lijibiwe ndani ya siku 10 za kazi.” Kulia: siku 31. “Mchunguzi asiwe na maslahi.” Kulia: wanaishi nyumba moja. Karatasi hii moja ndiyo silaha yako. Ukiwa huna sera yoyote ya kulinganisha, tumia Kanuni za utendaji bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Kwa kikao cha nidhamu zinataka mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya kutosha katika menejimenti ambaye hakuhusika na mazingira ya shauri, mtuhumiwa apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, na awe na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Ni kweli kanuni hiyo iliandikwa kumlinda anayetuhumiwa. Basi uliza kwa adabu: kwa nini anayetuhumiwa apewe saa 48 na anayelalamika apewe dakika 20?

Barua ya pingamizi

Tatizo la kwanza la barua hii ni njia. Ofisi nyingi zinataka barua ipite kwa mkuu wako. Na kama mkuu wako ndiye unayemlalamikia? Usiipitishe kwake, ila usikae kimya kuhusu hilo pia, maana watakurudishia kwa “kuruka ngazi”. Sema sababu ndani ya barua. Mfano, kwa tarehe za mkasa wa dada wa stoo:

*Mkurugenzi wa Ofisi ya Kigoma,*
*20 Machi*

*YAH: PINGAMIZI KUHUSU NAMNA LALAMIKO LANGU LA UBAGUZI LINAVYOSHUGHULIKIWA*

*Rejea kichwa cha habari hapo juu na lalamiko langu la tarehe 6 Machi.*

*Barua hii haijapitia kwa mkuu wa kitengo kwa kuwa suala linahusu uamuzi uliotolewa ndani ya kitengo hicho.*

*Sijadili hapa lalamiko lenyewe. Napinga utaratibu uliotumika, kwa sababu zifuatazo: (a) aliyeteuliwa kuchunguza ana uhusiano wa karibu wa kibinafsi na mlalamikiwa, (b) nilijulishwa kikao cha tarehe 17 Machi dakika 20 kabla, bila nafasi ya kuja na msaidizi, (c) mashahidi wawili niliowataja kwa majina hawakuitwa, (d) muhtasari unasema “amekubali yaishe”, kauli ambayo sikuitoa.*

*Naomba: mchunguzi mwingine asiye chini ya kitengo cha lojistiki, mashahidi wahojiwe mmojammoja, faragha, muhtasari urekebishwe au maelezo yangu yaambatishwe, na uamuzi utolewe kwa maandishi ukiwa na sababu. Wakati uchunguzi ukiendelea naomba nibaki kwenye kituo na majukumu yangu ya sasa.*

*Naomba majibu ndani ya siku saba za kazi. Barua hii haiondoi haki yangu ya kuwasilisha mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya muda wa kisheria.*

Angalia kwamba hakuna mahali ameandika “afisa utumishi ni mbaguzi”. “Ana uhusiano wa karibu wa kibinafsi” ni jambo linaloweza kuthibitishwa na mwenye nyumba. “Ni mbaguzi” ni jambo la kubishaniwa miaka kumi. Angalia pia kwamba kila sababu ina ombi lake. Barua yenye kilio bila ombi hujibiwa “tumepokea maoni yako”.

Chapa nakala mbili. Moja waipige muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, urudi nayo, au isainiwe kwenye dispachi. Katibu muhtasari akikwambia “iache tu hapo mezani, bosi akirudi”, subiri. Kaa kwenye benchi. Mimi nilisubiri saa mbili na nusu siku hiyo, nikanywa chai ya rangi vikombe vitatu, mpaka muhuri ukapigwa.

Ukiitwa tena kikaoni

Usiende peke yako. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ana haki kisheria ya kumwakilisha mwanachama kwenye vikao vya malalamiko na vya nidhamu, iwe TUGHE, TUICO, TALGWU, CHODAWU au kingine. Kama huna chama, omba mwenzako aje kama msaidizi. Kazi yake kubwa ni kuandika, wala haimhusu kugomba. Mtu anayeandika kimyakimya kwenye kona hubadilisha lugha ya chumba kizima. Nimewahi kumsikia mwenyekiti akisema “hilo neno usiliandike”, na hilo nalo likaandikwa.

Ukiona mwenye maslahi ameketi mezani, mwombe ajitoe kabla ya jambo lolote kuanza, na pingamizi lako liingie kwenye muhtasari. Wakikataa, endelea na kikao. Kususia kunawapa sentensi tamu: “mlalamikaji aligoma kutoa ushirikiano”.

Muhtasari ukiletwa usainiwe, usome wote hata kama wanakutazama kwa kukukodolea. Ukiwa haukubaliani nao, usikatae kalamu. Andika kando ya sahihi yako: “Nimepokea. Sikubaliani na aya ya 3.” Weka tarehe. Na ukiulizwa swali usilo na jibu lake, sema “sina jibu sasa hivi, naomba nijibu kwa maandishi kesho”. Usinyamaze. Unajua kilichoandikwa kutokana na kunyamaza.

Kuhusu mashahidi: usiwashike mkono kwa nguvu. Kuli wa kutwa anayelipwa kwa siku akija kutoa ushahidi anaweza asiitwe Jumatatu. Mwombe akueleze alichokiona, wewe andika, akisome, asaini kama yuko radhi. Asiporidhia kusaini, taja kwenye barua kwamba alikuwepo na kamati imwite yenyewe. Hapo jukumu la kumlinda linakuwa lao.

Wakianza kulipiza

Zamu mbaya, barua ya onyo ya ghafla kwa kuchelewa dakika saba, kuondolewa kwenye kundi la WhatsApp la kazi. Usipigane na kila moja. Iandike kwenye daftari kwa mpangilio wa tarehe, kuanzia siku ile lalamiko lilipopokelewa, na linganisha na miezi sita kabla ya hapo. Mtu asiyewahi kupata onyo kwa miaka minne akapata matatu ndani ya wiki tano baada ya kulalamika hahitaji kueleza sana.

Wakikufukuza, sheria ya 2004 inasema kutumia haki uliyopewa na sheria si sababu halali ya kuachishwa kazi, na wala ujauzito, ulemavu au sababu yoyote ya kibaguzi. Kwa wenye mikataba ya muda maalumu, ambao ni wengi kwenye mashirika ya hapa, jueni hili: kukataa kuhuisha mkataba pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa nako kunahesabika kuwa ni kuachishwa. Kwa hiyo tunza zile barua pepe za “mwakani tutakuongezea jukumu hili”.

Kama kinachotakiwa ili lalamiko lako lisikilizwe ni ngono, ondoka kwenye njia hii ya ndani. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mahali pake ni TAKUKURU.

Saa inayokwenda

Nikilazimika kubakiza sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningebakiza hii.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine yote, ubaguzi ukiwemo, ni ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Hizo ni siku za kalenda. Jumapili, Idi na Pasaka zimo. Na usijenge matumaini kwamba vikao vya ndani vinasimamisha saa hiyo. Hapa ndipo ushughulikiaji wa upendeleo unapofanya kazi yake kubwa kuliko yote, tena kwa upole: “kamati itakaa wiki ijayo”, “mkurugenzi yuko Dodoma”, “tumsubiri mchunguzi”. Siku ya 61 kila mtu anakuwa mkarimu, maana umeshachelewa.

Hesabu kwa vidole. Orodha ya mafunzo ilibandikwa 3 Machi. Siku ya 60 ni 2 Mei. Mimi nilimwambia dada wa stoo afanye kama siku ya mwisho ni 25 Aprili, kwa sababu umeme hukatika, mashine ya kuchapia hukataa, na watu huugua.

Fomu inaitwa CMA F.1. Huduma ya Tume hailipiwi. Unaijaza: wewe ni nani, mwajiri ni nani, mgogoro ni wa nini, ulitokea lini na wapi, unataka nini. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, kama bado uko kazini iache. Kwenye “unataka nini” usiandike “haki itendeke”. Andika kinachoweza kutekelezwa: niingizwe kwenye mafunzo yajayo, muhtasari usahihishwe, nilipwe tofauti ya posho. Nakala mpelekee mwajiri kwanza, asaini kupokea, ndipo upeleke Tume ukiwa na uthibitisho kwamba amepata. Wengi hurudishwa kwa sababu ya kipande hiki kidogo. Ukishachelewa kwa sababu ya maana, kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F.2, lakini huko unaanza kwa kuomba radhi wakati ulikuwa na haki ya kuanza kwa kudai.

Kwenda CMA si kuvunja mazungumzo ya ndani. Yanaweza kuendelea sambamba. Mara nyingi ndipo huanza kuwa ya kweli.

Kama wewe si wa sekta binafsi

Mwalimu, muuguzi, mtendaji wa kata: njia yenu ni nyingine. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inataka mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya utumishi, pamoja na rufaa zake kama ile ya Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugusa njia za sheria za kazi. Daftari, barua na muhuri ni vilevile.

Na ninyi mlioajiriwa na Umoja wa Mataifa wenyewe huko Kasulu na Kibondo: mashirika hayo yana kinga, CMA haiwafikii. Kuna ngazi zao za ndani, na kwa baadhi ya mashirika hayo shauri huweza kufika kwenye mahakama ya migogoro ya Umoja huo, ambayo kituo chake kimoja kiko Nairobi. Lakini soma mkataba wako vizuri. Watu wengi wanaovaa fulana ya buluu wameajiriwa na wakandarasi au mashirika yasiyo ya kiserikali yanayofanya kazi na Umoja huo, na hao wako chini ya sheria ya hapa kama muuza migebuka wa Kibirizi.

Asiye na chama wala hela ya wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na kwenye halmashauri wanaweza kukuelekeza walipo. Afisa kazi wa mkoa naye ana mlango.

Kwenye meza ya usuluhishi

Jibu la barua ya 20 Machi lilikuja 8 Aprili: mchunguzi mpya kutoka makao makuu. Alihoji makuli mmojammoja chini ya mwembe, mbali na ghala. Ripoti yake haikuwa tayari tarehe 25 Aprili, kwa hiyo fomu ikaenda CMA hivyohivyo. Afisa utumishi aliniita “mchochezi”. Nilimwomba aliandike.

Msuluhishi ana siku 30. Siku ya usuluhishi watakuletea karatasi ya makubaliano iliyokwisha kuchapwa. Isome mara mbili. Tafuta maneno “hana madai mengine yoyote sasa na baadaye”, uulize yanafuta nini. Tafuta tarehe: “atapelekwa mafunzo” bila tarehe ni salamu tu. Kama haifai, shauri linaweza kuendelea kwenye uamuzi au Mahakama ya Kazi, usisaini kwa sababu ya uchovu.

Dada wa stoo ameniruhusu niseme machache. Alienda mafunzo ya awamu iliyofuata. Naibu alipewa onyo la maandishi. Msamaha aliouomba dada, wa kuombwa mbele ya makuli waliocheka, hakuupata. Shirika lilisema hilo “litamdhalilisha” naibu. Dada alifikiria siku mbili, akasaini bila huo, na mimi mpaka leo sina hakika kama nilimshauri vyema. Muhtasari wa 17 Machi ulirekebishwa. Mstari wa tatu umepigwa kalamu moja, bado unasomeka, na juu yake kwa mwandiko wa afisa utumishi mwenyewe pameandikwa: “Mlalamikaji hakusema lolote.”